Wali Mwekundu wa Matanga

Mama,

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu ungeliona usoni kwangu kabla sijaketi, kisha ungenituma nikanywe uji kwanza.

Baba amevimba miguu. Si sana. Ila Sabato viatu vyake vya kanisani vilimkataa, akavaa patipati zake za kuogea, akasema ni joto. Joto gani, Mama, na mawingu yamekaa juu ya Rodi Kopany wiki nzima?

Acha nikueleze, maana haya yalitokea wewe ukiwa tayari kwenye jeneza. Siku ya mazishi watu walikuwa wengi kuliko chakula. Akina mama wa kanisa wakaingia kile chumba chako nyuma ya jiko kutafuta cha kuongezea, wakakuta karai la mchele mwekundu, umekauka vizuri, umefunikwa kitambaa safi. Wangejuaje? Mchele ni mchele. Hawakujua kwamba uliupanda kuvu ukailea mpaka kila punje ikawa nyekundu hadi ndani, ili tukamue rangi ya kutia kwenye nyuzi, na siku moja, Mungu akipenda, kwenye yogati ya yule mama wa Migori badala ya rangi ya dukani.

Nilipita jikoni nikaona sufuria inatokota nyekundu. Niliipiga teke. Shangazi akashika kichwa: "Akoth, unamwaga chakula ya matanga?" Nikaanza kupayuka, mara maabara, mara figo, mara sumu. Neno sumu ndilo walilobaki nalo. Na sahani ya kwanza ilikuwa imeshapelekwa kwa mwenye msiba. Baba alikuwa amekula nusu.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Kuvu hiyo hiyo inayotupa wekundu huweza pia kutoa sumu ya kuumiza figo, na jicho haliioni. Ndiyo maana hukuuza karai lolote kabla sampuli haijaenda Kisumu. "Kisichopimwa hakina jina," ulikuwa ukisema. "Si chakula, si sumu." Hili la mwisho, presha ilikuchukua kabla hujalipima.

Baba mdogo akasema, "Hiyo chumba ya uchawi tunachoma leo." Ndipo Baba akasimama na sahani yake. Unamjua, maneno yake ni ya kuhesabu. Akasema, "Mama Akoth amenipikia tangu nikiwa na nywele. Angetaka kuniua, si angeniua zamani?" Watu wakacheka, kwenye matanga yako, Mama. Kisha akala ile nusu iliyobaki, polepole, wote wakimtazama. "Ngojeni mvua ya kwanza," akasema. "Ikinyesha nikiwa mzima, mlango yake msiguse."

Nilipiga kelele aache. Hakuacha.

Tangu hapo wanakuja kumjulia hali, kumbe wanamkagua macho. Mimi pia namkagua. Namsikiliza akienda chooni, namsikiliza akirudi. Akikohoa tu, nimeshafika mlangoni kwake. Nimembembeleza twende hospitali Homa Bay, anakataa: "Nikionekana huko, kesho yake wanaleta kiberiti." Hata akipata malaria ya kawaida, Mama, watasema ni wewe.

Kitinda mimba wako yu hai. Ile mbegu ya kuvu uliyokuwa ukiiita hivyo, nami nikinuna kwamba unaipenda kuliko mimi. Nimeihamishia kwenye chupa mpya, juu ya moto wa spiriti. Chupa moja iliota ukungu wa kijani, nikalia kama mtoto, nikaitupa. Nyingine ni nyekundu. Kuna siku naichukia. Juzi mimi mwenyewe nilisimama mlangoni na kiberiti. Lakini moto usingetoa kitu tumboni mwa Baba.

Punje zilizobaki ndani ya karai nilizikusanya siku ile ile. Ziko kwenye kichupa. Sijazipeleka Kisumu, si kwa kukosa nauli. Naogopa jina.

Leo jioni nilimwambia Baba kwamba kesho naenda naye hospitali, atake asitake, wanione wote. Nilingoja anikemee. Akatazama miguu yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nitavaa viatu gani?"

Kumbe naye anaogopa, Mama. Ameogopa peke yake muda wote huu.

Basi lala. Oriti, kwaheri, Mama. Kesho Baba anapimwa Homa Bay, na kutoka hapo kichupa kinaenda Kisumu. Jina nitakalopewa nitamwambia yeye kwanza, hata likiwa baya. Likiwa sumu, nitakichoma chumba mwenyewe, asikuguse mtu mwingine. Lisipokuwa sumu, nitapika wali mweupe, nimwite Baba mdogo aje ale mlangoni pako.

Mvua imeanza kudondoka juu ya mabati. Patipati za Baba nimeziosha, nimeziingiza ndani zisilowe.

Akoth wako.