Siku ya Kumtoa Mjukuu Nje

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Vifungo tena. Vya juu nimevifunga, vya chini vimenishinda, nikajitanda kanga juu yake. Mzee wangu akaniona, akaja kunifungia. Mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, hajui kifungo kipi kinaingia tundu lipi. Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Kisha mazoezi ya Sista. Kunyoosha mikono, kugeuza shingo, kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Halafu kutembea uani kwa hatua ndefu, kisigino kwanza. Sista wa hospitalini Kiomboi alisema niende kama ninayeruka mfereji. Kuku wananikimbia. Vidonge vyake vinakausha mdomo kama nimelamba majivu. Navimeza hivyo hivyo.

Ugonjwa una jina la daktari wa Ulaya. Sitaki kubeba jina la mtu nisiyemjua. Mimi nasema kutetemeka, basi.

Jumanne, 4 Agosti

Naomi, mke wa mwanangu Elia, anaendelea vizuri. Mtoto ananyonya kama ndama. Wa kike! Mjukuu wangu wa kwanza. Nina furaha mpaka naona haya.

Jumamosi ya wiki ijayo anatolewa nje. Katika ukoo wa mume wangu mtoto haoni jua mpaka bibi mzaa baba ambebe, avuke naye mlango, amwite jina lake nje. Haruhusiwi mtu kumshika bibi mkono. Bibi huyo ni mimi. Nimeisubiri siku hii tangu Elia aote ndevu.

Shida ni mlango. Uani natembea vizuri tu. Nikifika mlangoni miguu inaganda, kama imepigiliwa misumari. Nikilazimisha, naanguka. Na mlango wa tembe letu ni mwembamba tena mfupi, lazima uiname. Je, nikianguka na mtoto? Naogopa. Haya, nimeliandika.

Jumatano, 5 Agosti

Wifi Marta amekuja. Huyu dada wa mume wangu ndiye anayeshika mila zote za ukoo. Ukiweka kata vibaya juu ya mtungi, atakuambia. Ameutazama mkono wangu unavyotikisika pajani. Kisha akamwambia kaka yake, siyo mimi, kwamba bibi asipoweza, shangazi wa baba humtoa mtoto. Yaani yeye. Nami nimekaa palepale! Kwani mimi gogo?

Mzee amejibu, tutaona. Tutaona! Chakula chake cha mchana nimekichelewesha makusudi.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimejaribu mlango. Nimekumbatia kifurushi cha uwele badala ya mtoto. Mkono ukishika mzigo unatulia, hilo ni jema. Miguu ikaganda, hilo ni baya. Mzee nyuma yangu: polepole mama, polepole. Hiyo polepole ndiyo inayoniua. Nimelia kidogo. Kisha nikala viazi.

Jumamosi, 8 Agosti

Ee Mungu wangu. Sijui nianzie wapi.

Leo wanawake wa jirani, Wifi Marta akiwamo, wamekuja kunipuria uwele. Ndivyo tunavyofanya, leo kwangu, kesho kwa mwenzangu. Wanasimama mistari miwili, wametazamana, fimbo mkononi. Huku wanasogea mbele, kule wanarudi nyuma, wanapiga, wanaimba. Zamani mwimbishaji nilikuwa mimi. Sasa sauti imekuwa ndogo, wananiweka ndani na mboga.

Basi nachambua mlenda. Wakaanza wimbo niliokuwa nikiuimbisha mimi, wakauharibu. Fimbo zinaanguka pamoja, du, du, du, lakini mwitikio wanauchelewesha. Nikatoka kwenda kuwarekebisha. Nimefika katikati ya uwanja ndipo nikakumbuka mlango. Nimeuvuka! Sikuhisi kitu.

Nikaingia tena, nikatoka. Nikaingia, nikatoka. Wakaacha kupura, wakadhani nimerukwa na akili. Walipoacha tu, miguu ikaganda. Nikawafokea, pigeni! Wakapiga, nikapita. Nimecheka mpaka nimekaa chini kwenye makapi. Wote wamecheka, isipokuwa Wifi Marta.

Jumatatu, 10 Agosti

Mzee ananipigia kinu kwa mwiko, mimi navuka na uwele wangu. Hana mdundo hata kidogo, Mungu amsamehe. Lakini navuka. Jumamosi wanawake watapiga fimbo uani, nami nitatoka na mjukuu kifuani. Nimeoga, nimeshona kanga. Ushonaji umekwenda upande, nani atatazama.

Jumanne, 11 Agosti

Wifi amekataa. Siku ya kumtoa mtoto uani kunakuwa kimya. Hapigwi mtu kofi, hapigwi mbu. Sauti ya kwanza mtoto anayoisikia nje lazima iwe jina lake. Mila hii hajaitunga yeye. Mama mkwe wangu alimtoa Elia hivyo hivyo, nami niliipenda sana ile siku. Siwezi kubisha.

Nimemwendea Naomi. Mtoto ni wake, aseme yeye. Amesema, "Nitakupa wewe, mama." Nimetoka pale nataka kuimba na kutapika kwa pamoja.

Ijumaa, 14 Agosti

Naimba moyoni. Mara navuka, mara sivuki. Mwandiko wangu leo mdogo kama sisimizi.

Jumamosi, 15 Agosti. Alasiri

Uani watu tele, kimya kabisa. Naomi akaniwekea mtoto kifuani. Ana joto, ananukia maziwa. Mkono ukatulia.

Nikafika mlangoni, nikainama. Miguu ikaganda.

Nikautafuta wimbo moyoni, haupo. Hofu imeula wote. Kwa kuwa nimeinama, naona miguu tu ya watu huko nje, hakuna unaosogea. Nyuma namsikia mzee anavyohema. Mtoto akajinyoosha. Nikasema moyoni, basi, mpe Marta.

Du.

Du. Du. Fimbo moja. Mguu wa kulia ukaondoka, wa kushoto ukafuata, nikahisi jua kisogoni. Nikainua kichwa.

Ni Wifi Marta. Peke yake, kanga imemdondoka begani, machozi yanamtiririka, anaipiga ardhi tupu kama ana mavuno ya miaka yote mbele yake.

Nikaita, Rebeka! Sauti ilitoka kubwa, sijui ilikuwa imejificha wapi. Vigelegele vikapasuka. Mtoto akapiga chafya, watu wakashangilia chafya nayo.

Baadaye, tunakula, mzee mmoja wa ukoo akamuuliza Wifi kuhusu zile kelele. Akamjibu kwamba hakupiga kelele, alikuwa anapura. Hakukuwa na punje hata moja pale chini. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nampenda yule mwanamke. Sikujua.

Jumapili, 16 Agosti

Hatukwenda kanisani, nimechoka mifupa yote. Nimekaa ukutani kwenye jua la asubuhi na Rebeka mapajani. Naomi amelala ndani, wacha alale. Mkono wangu ulikuwa chini ya mtoto, ukaanza kutetemeka wenyewe. Rebeka akasinzia. Nimeuacha uendelee.