Karatasi Isiyokamilika

Rexdale, Toronto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini presha imeshuka na Mama anakuficha chumvi kama daktari alivyoagiza. Sisi huku wazima, ila mgongo wangu, na leo nakuandikia nikiwa na hasira. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ningelia.

Mgongo huu, unajua, niliuumiza nikiwa fundi wa magari katika jeshi la Marekani, kabla sijaolewa na kuhamia Kanada. Ghala la Malton ninakofanya kazi halimbembelezi mtu. Nanyanyua maboksi zamu nzima, kisha kwenye basi nasimama hadi nyumbani, maana kuketi kunauma zaidi. Malipo ya ulemavu, yale ambayo Marekani huwapa wanajeshi wake wa zamani, ndiyo yangenitoa kwenye maboksi.

Fomu ya kuomba niliipata mwaka jana, nikakaa nayo. Nilikuwa natafuta viambatisho: cheti cha daktari wa kambini, picha za mgongo, barua ya mwenzangu aliyekuwepo siku jeki ilipoteleza. Ilinichukua miezi kumi na moja. Kila karatasi nikaitolea nakala, nikapanga faili likapendeza, ndipo nikalituma. Si wewe uliyesema karatasi nusu ni aibu ya mwenye nayo?

Juzi nikapiga simu kuuliza malipo yatahesabiwa tangu lini. Dada wa ofisini akajibu, tangu siku maombi yalipofika. Nikamweleza habari ya mwaka mzima wa kuhangaika. Akauliza kwa upole, “Kwani hukututumia taarifa kwamba unakusudia kuomba?”

Kumbe kuna taarifa fupi, jina na sahihi basi. Ukiituma, tarehe yako inashikiliwa, na unapewa mwaka mzima wa kutafuta hayo mengine. Imeandikwa kwenye maelekezo, Baba. Niliisoma nikairuka, kwa kuwa sikuamini kwamba ofisi yoyote duniani inaweza kupokea kitu kisichokamilika.

Miezi kumi na moja ya maumivu imekwenda na maji. Najikasirikia, maana kusoma najua. Nawakasirikia walioweka jambo zito namna hiyo katikati ya maandishi madogo. Na wewe pia nakukasirikia, unisamehe.

Unamkumbuka mzee Athumani, yule askari mstaafu aliyekuwa akichechemea? Mimi nilikuwa kwenye benchi nyuma ya dirisha lako, pale ofisi ya wilaya ulipokuwa karani, nikifanya kazi za shule. Alileta maombi ya pensheni yake, ukamrudisha kwa kukosa picha ya pasipoti. Akaja tena, ukamrudisha kwa kukosa muhuri wa mtendaji. “Nenda kakamilishe kwanza, mzee wangu,” ukamwambia, wala hukuandika popote kwamba alifika. Mimi nilicheka. Nilikuona hodari.

Masikio nayo yaliharibiwa na injini za jeshi, na hayo sijayaombea. Jana nimetuma taarifa yake, jina na sahihi tu, bila kiambatisho hata kimoja. Niliituma haraka haraka utadhani naiba.

Mama mpe shikamoo yangu. Shangazi mwambie kitenge kimefika na nimekivaa kanisani. Mkweo anakusalimu, na wajukuu wako pia, ingawa wamesalimia kwa Kiingereza.

Na mzee Athumani, kama yu hai, mfikishie salamu zangu za heshima. Miaka yote hii sijakuuliza, Baba: alirudi mara ya tatu?

Ni mimi binti yako,
Rehema