Lasti Posti Haijapigwa

Babu,

Shikamoo. Nimeanza na hiyo kwa sababu hata ulipokuwa hai niliisema kwa sauti ya chini, nawe ukinitania: marahaba, panya wa Jadida.

Tangu tukuzike, Bibi hafungi mlango. Kila ikiingia magharibi ananiuliza, "Babu yako kashapiga tarumbeta?" Namwambia Babu hayupo. Ananitazama kama mimi ndiye niliyesahau. Basi mlango unakaa wazi mpaka alfajiri, naye kitini, uso njiani, halali. Amebaki mifupa. Na kuku hawaingii tena bandani, wanasimama uani wanatazama njia hiyo hiyo. Mama anasema ni mwewe. Mimi siamini.

Unakumbuka nilivyotoka shule nikakutafsiria jina la ule mwito wa tarumbeta uliokuwa ukiupiga jeshini, kisha kila jioni hapa nyumbani, Lasti Posti? Nikasema ni posta ya mwisho, barua za mwisho kupelekwa. Ulicheka hadi ukakohoa. "Posti ni lindo, we mtoto. Barua gani kambini saa hizo?" Ukanieleza kwamba zamani afisa alizunguka malindo jioni, akifika la mwisho tarumbeta linalia, watu wajue walinzi wamo mahali pao, waliobaki walale. Makaburini mwito huo ulipelekwa baadaye, kumwambia askari lindo lake limekwisha. Halafu lazima ufuate mwito wa kuamsha. "Ukiwalaza watu, uwaamshe. Usiwaache hivyo hivyo."

Wa kulaza ulinifundisha wote. Wa kuamsha tulifika nusu, kifua kikakuzidi.

Jirani yetu Bi Time anataka tarumbeta lako litupwe baharini. Yeye alikusikia ukilipiga kwenye mazishi ya askari tu, basi anasema kila lilipolia, pana mtu aliyetiwa udongoni. Hajui kwamba kila jioni ulilijaza leso ndani lisisikike mbali, ukampigia Bibi polepole, ndipo akafunga mlango na kulala.

Jana Bibi kaniambia, "Nimechoka na lindo, mjukuu wangu. Piga wewe."

Leo baada ya alasiri kaoga. Kavaa ile kanga aliyokuwa akiiweka sandukuni. Kisha akaniomba radhi. Babu, Bibi hajawahi kuniomba radhi.

Nisipopiga, kukesha kutammaliza. Nikipiga atalala, pengine moja kwa moja, na ndicho ninachokiogopa. Sijamwambia Mama. Nakwambia wewe.

Adhana hiyo inaanza. Nikishasali nitatia leso, nitapiga, nitafunga mlango mwenyewe. Nitakaa ubavuni kwake nisikilize pumzi zake. Alfajiri nitatoka uani na tarumbeta tupu, bila leso, mtaa mzima wa Jadida unione ukitaka, nipige wa kuamsha. Nusu nisiyoijua nitaijaza kwa ile ninayoijua, niirudie mpaka aniitikie. Nakuahidi.

Ulale salama, Babu wangu. Ila nakuomba jambo moja. Ukiusikia mwito huo wa kuamsha, usiinuke ukaja mlangoni. Ni wa Bibi.