Nilisema karibu, Anton akaja

Nasriya upo? Nijibu upesi.

Unalikumbuka lile jukwaa la mtandaoni la watu wa skii, wale wa kuteleza kwenye theluji? Na yule Anton wa Austria aliyenipangia safari yangu yote ya Februari, kuanzia treni mpaka viatu? Mimi kwa kumshukuru nikaandika, mkipita Maskati karibuni kwetu, nyumba ni yenu. Si ndivyo tusemavyo?

KAJA.

Kaja shoga! Yuko hapa mtaani kwetu Hail, sebuleni, yeye na mkewe, na mfuko mrefu wa skii umelazwa ukumbini. Bibi kauona, kauliza nani kafa.

Na Baba alikuwa hajui kitu! Nilimwambia nnakwenda kozi Vienna. Anton kala halwa yake, kamgeukia Baba: "Binti yako usimkhofie, nimeshamchagulia mlima rahisi wa kuteleza."

Mlima, Nasriya. Kamwambia Baba MLIMA.

Baba kanitazama. Nikajua safari ndo basi tena. Lakini unamjua Baba, mbele ya mgeni hagombi. Kacheka, kammiminia kahawa, kasema, "Inshallah tutakuja sote."

Kwa adabu tu wallahi! Kama mimi!

Anton katoa daftari. "Vizuri sana! Mtakuwa wangapi?"

Sasa Baba atarudishaje neno lake? Katazama dari, kahesabu kwa vidole, kasema kumi na mmoja.

Bibi keshaingia chumbani kutafuta sweta.