Mashine Inayonizimikia Mimi Peke Yangu

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa saba

Daftari hili nimeliacha miezi minne bila neno. Ni uzembe. Niliwaadhibu wanafunzi kwa uzembe mdogo kuliko huu. Najiomba radhi mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kumwomba.

Leo mashine imezimika tena. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa nimefika jina la thelathini na mbili la darasa la sita. Kioo cheusi. Hakuna onyo. Ni mara ya tano tangu wiki iliyopita.

Niyaweke mambo kwa utaratibu. Rejista za shule yetu ziliungua wakati wa vita. Waliosoma pale hawana karatasi ya kuonyesha kwamba walisoma. Kamati ya wanafunzi wa zamani imeamua kuandika majina yote upya, mwaka kwa mwaka, na shule imekubali kuyapiga mhuri. Wameleta kompyuta, ile kubwa ya mezani, wakaiweka sebuleni kwangu, kwa sababu nina paneli za sola na betri nzuri, na kwa sababu nilifundisha pale miaka thelathini na mmoja. Majina yamo kichwani mwangu.

Asubuhi naandika mimi. Alasiri anaandika Furaha. Nilimfundisha darasa la tano. Sasa ni mjane mwenye wajukuu. Anauza samaki wa ndagala sokoni hadi mchana, halafu anakuja hapa kuandika miaka ambayo mimi sikuwapo, jinsi watu wanavyomsimulia. Anatumia vidole kumi. Mimi natumia viwili.

Kwake mashine haizimiki.

Jumatano, tarehe 3

Imezimika mara mbili. Kabla ya kuzimika huvuma ndani kwa nguvu, kama mtu anayepandisha pumzi. Kisha kimya.

Nimekagua kila kitu. Waya wa umeme umekaza. Taa ya betri ni ya kijani. Nimebadilisha soketi. Hakuna tofauti.

Vumbi haliwezi kuwa sababu. Kitambaa cha kufumwa cha marehemu mke wangu kiko mahali pake. Kinafunika lile sanduku lote, juu hadi chini, mbele na nyuma. Kiangazi hiki pikipiki za kwenda Misisi zinapita mbele ya mlango wangu kutwa. Bila kitambaa hicho mashine ingekuwa imekwisha kufa.

Nilifikiri pia juu ya joto. Nikalikataa wazo hilo. Kama ni joto, mashine ingezimika alasiri, sebule inapochemka, mikononi mwa Furaha. Haizimiki. Kwa hiyo si joto.

Furaha ananishauri nihifadhi kila baada ya jina. Sihifadhi orodha ambayo haijakamilika. Sikuwahi kumpelekea mkuu wa shule rejista yenye nusu ya darasa.

Alipotoka leo alicheka mlangoni. “Mwalimu, hii mashini iko inakuogopa, sawa vile siye tulikuwa tunakuogopa.”

Nilifunga mlango.

Jumamosi, tarehe 6

Fundi Majaliwa, yule wa redio na simu karibu na soko, alikuja Alhamisi akalichukua lile sanduku na kioo chake. Alikaa navyo siku mbili kibandani kwake. Leo amevirudisha.

“Mwalimu, hii mashini haina kitu. Kwangu imefanya kazi toka asubui mpaka magaribi. Haikuzimika hata mara moja.” Kisha akanitazama. “Labda ni we unaigombeza.”

Wateja wake wawili waliokuja naye walicheka. Niliwashukuru, nikawapa viti, nikawapa chai. Adabu haigharimu kitu. Lakini nilikuwa nimekasirika hadi masikio yaliniwaka.

Walipoondoka nilikirudisha kitambaa, nikakinyoosha vizuri, nikaketi, nikaanza kuandika. Dakika arobaini. Ikavuma. Ikazimika.

Kwa Majaliwa inafanya kazi, katika kibanda cha mabati kilichojaa moshi wa solda. Kwa Furaha inafanya kazi, mikono yake ikinuka samaki. Kwangu mimi, ninayenawa mikono kabla ya kuigusa, inakataa.

Nina wivu. Nimeliandika neno hilo wazi. Hakuna atakayelisoma.

Jumapili, tarehe 7

Baada ya ibada, mkutano wa kamati. Kama kawaida, uani kwa mwenyekiti wetu, Mzee Ramazani, mwenye mitumbwi ya kwenda Kazimia.

Furaha alisoma majina yake. Miaka sita mizima. Watu walipiga makofi. Mama mmoja aliposikia jina la kaka yake aliyekufa alifunika uso kwa kitenge. Furaha alimngojea, kisha akaendelea. Alisoma vizuri. Nani alimfundisha kusoma kwa sauti namna ile? Mimi. Hakuna aliyelisema.

Mimi nilisoma mwaka mmoja na robo.

Mtu aitwaye Wilondja alikuwa ametoka Misisi kwa pikipiki. Nilimfundisha. Mtoto wa fundi cherehani, alikuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Amepata nafasi ya kazi ya ulinzi kwenye ghala, lakini wanataka karatasi ya shule. Aliuliza jina lake. Nimeliandika mara tatu. Mara tatu limepotea. Nilimwambia angoje. Alisema, “Aksanti, Mwalimu,” kwa heshima, na ile heshima iliniuma kuliko tusi.

Mzee Ramazani alisema Jumapili ijayo tutachagua katibu mmoja. Katibu ndiye atakayetia sahihi kila ukurasa wa rejista mpya. Jina lake litakaa shuleni.

“Mwalimu, weye umechoka,” aliniambia pembeni. Sijachoka. Nina miaka sabini na mitatu, na sahihi ile ni yangu. Nilisimama mbele ya madarasa yale kabla ya Furaha kujua kushika kalamu.

Jumanne, tarehe 9

Nilirudi mapema kutoka kupima shinikizo la damu. Furaha alikuwa akiandika. Mashine ilikuwa uchi. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti cha mke wangu, kiti ambacho hakuna anayekikalia.

Kilikuwa kimekunjwa mara tatu, kingo zimegeukia ndani, ua la katikati juu. Hivyo ndivyo mke wangu alivyokikunja. Miaka miwili nimekuwa nikijaribu kukikunja hivyo, na ua halikai juu. Nilikuwa nimesahau kwamba Furaha alijifunza kufuma hapa hapa, barazani, akiwa msichana. Mke wangu alimpenda. Walikuwa wakicheka pamoja, nami ndani nikisahihisha madaftari.

Nilimwambia asikiguse tena. Nilimwambia kikae kilipo, saa zote, awe anaandika au haandiki. Sauti yangu ilikuwa ile ya darasani.

“Nimesikia, Mwalimu. Nilikuwa nakitoa juu ya heshima ya Mama, kisishike harufu ya samaki. Kila siku nakirudisha.”

Kila siku. Kila siku amekuwa akikifunua na kukirudisha, nami sikujua.

Nilikitandika mimi mwenyewe juu ya mashine. Alimalizia majina mawili bila kugeuka, akaaga. Sikupata amani. Nilitoka kwenda kuangalia mbuzi.

Alhamisi, tarehe 11

Jana Furaha hakuja. Leo saa tisa na nusu nilikuwa chumbani. Nilisikia sauti ya Furaha: “Mungu wangu!”

Imemzimikia.

Aliiwasha. Baada ya nusu saa ikamzimikia tena.

Nilikuja taratibu, nikiwa na miwani mkononi kama mtu aliyekatizwa kusoma. Nilisema pole. Alicheka kidogo. “Mwalimu, leo imeniingiza na mimi mu darasa lako.”

Nilifurahi. Naandika kweli. Nilifurahi kama mtoto aliyeona mwenzake akiitwa mbele. Nilikula ugali wote na mboga yote ya sombe.

Alikuwa amehifadhi. Alipoteza jina moja tu. Hilo lilinipunguzia furaha.

Ijumaa, tarehe 12

Imemzimikia mara ya tatu, wakati ule ule alipokuwa akihifadhi. Alipoiwasha, faili lake halikufunguka. Alijaribu. Majaliwa aliitwa, akajaribu robo saa. Kumetokea alama zisizosomeka, mstari kwa mstari.

Miaka sita. Wazee aliowafuata hadi Kilembwe. Yote yalikuwa humo. Karatasi alizosomea Jumapili alikuwa amekwisha kuzifungia ndagala sokoni.

Furaha aliketi, mikono mapajani. Hakulia. Alisema tu, “Yule mzee wa Kilembwe alishakufa. Majina yake nitayauliza nani?” Kisha akaaga, akaenda.

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika kwa Mzee Ramazani. Alipita mwenyewe, akasimama mlangoni. “Mwalimu, bamama na mashini, si nilisema? Ameiharibu. Jumapili tutakupa weye ukatibu.”

Nilisema asante.

Alipoondoka nilikwenda kukinyoosha kitambaa, kwa mazoea. Mashine ilikuwa imezimwa muda si mrefu. Kitambaa kilikuwa na joto. Joto kali, kama paji la mtoto mwenye homa. Niliweka mkono chini yake, nyuma ya sanduku, mahali penye matundu. Nikauondoa haraka.

Nilisimama pale. Nilijua. Nilijaribu kutokujua, lakini nilijua.

Jumamosi, tarehe 13

Sikutaka kukisia. Nimefanya jaribio, jinsi nilivyowafundisha watoto.

Saa moja na nusu asubuhi: mashine bila kitambaa. Niliiacha ikiwaka. Saa tatu, inawaka. Saa tano, inawaka. Saa saba, jua kali, inawaka, inanong’ona tu.

Saa saba na nusu: nimeifunika. Dakika thelathini na nane. Ikavuma. Ikazimika.

Nikaifunua, nikaiacha ipoe, nikaiwasha. Kwa muda wa saa mbili na zaidi haikuzimika. Nikaifunika tena. Dakika thelathini na tano.

Mashine inapumua kupitia yale matundu. Mimi nimekuwa nikiiziba pumzi. Kwa Majaliwa haikufunikwa. Kwa Furaha haikufunikwa, hadi siku nilipomkataza. Hoja yangu ya joto ilikuwa nzuri katika kila sehemu isipokuwa ile niliyoitandika mwenyewe.

Nilimkataza kwa wivu. Si kwa sababu ya kitambaa. Kwa sababu alijua kukikunja.

Kesho watanipa ukatibu. Nikinyamaza, nitatia sahihi kila ukurasa, na Furaha atabaki yule mwanamke aliyeharibu mashine. Nikisema, watacheka. Wilondja atacheka. Mtu aliyewafundisha wote juu ya hewa na moto, ameifunika mashine kwa kitambaa cha sebuleni.

Nimesoma sura moja ya Biblia na sikuelewa nilichosoma.

Jumapili, tarehe 14

Nimesema.

Niliomba kusimama kabla ya uchaguzi. Nilieleza jaribio, saa kwa saa. Nilieleza kwamba nilimkataza Furaha kukigusa kitambaa siku ya Jumanne, na kwamba Alhamisi ndipo mashine ilipoanza kumzimikia. Nilisema faili limeharibika kwa kosa langu. Sikusema neno wivu. Nilisema, “Sikutaka mkono wake uwe juu ya kitu cha mke wangu.” Nadhani walielewa lililobaki.

Halafu Majaliwa akapiga paja. “Mwalimu! Mashini uliivalisha koti mu kiangazi!” Wakacheka wote. Nami nilisimama nikingoja wamalize, kama nilivyowangojea zamani, ila safari hii sikuwa na fimbo.

Furaha hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yake.

Mzee Ramazani alikuna ndevu. Alisema hawezi kuchagua katibu siku kama hii, vichwa vikiwa moto. Wataamua baada ya wiki mbili, wakiona kazi inavyokwenda.

Nilirudi peke yangu kwa njia ya ziwani. Wanaume walikuwa wakirekebisha nyavu. Mmoja alinisalimu, nikaitika. Nilijisikia mwepesi na nimeaibika, vyote viwili kwa pamoja.

Jumatatu, tarehe 15

Furaha alikuja asubuhi badala ya alasiri. Hakwenda sokoni, ameacha beseni lake la ndagala kwa dada yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Hakuyangoja. Alichukua kitambaa mikononi mwangu, akakikunja polepole juu ya meza ili nione: kwanza kingo ndani, kisha upande wa kushoto, kisha wa kulia. Ua likatokea juu. Nilijaribu mimi. Mara ya kwanza halikukaa juu. Mara ya pili lilikaa.

Sasa kiko juu ya kiti cha mke wangu. Mahali pake ni pale.

Tumeandika hadi saa sita. Mimi nataja majina, yeye anayapiga kwa vidole kumi. Baada ya kila jina anahifadhi, sikumkataza. Wilondja ameandikwa. Nilimtaka Furaha ahifadhi mara mbili.

Kesho tutaanza kutembea nyumba kwa nyumba, kutafuta miaka sita iliyopotea. Yeye atauliza, mimi nitashika daftari. Kwa yule mzee wa Kilembwe, tutamtafuta mjane wake. Huenda anakumbuka.

Bado nina wivu. Anapoandika haangalii vidole. Ni mdogo zaidi leo, huo wivu. Unaweza kukaa sebuleni na mgeni bila kumtukana.

Mashine inawaka ninapoandika haya. Inanong’ona tu.

Hapa chini naacha mistari mitatu mitupu. Kamati ikishaamua, nitaandika hapo jina la katibu kwa mwandiko wangu ulio bora, liwe langu au lake.