Bomba la Mama Nyamizi

Alhamisi, mwishoni mwa Oktoba. Joto kali, mvua bado. Mawingu yanakuja mchana, yanasimama juu ya mji kama wageni wasiotaka kuketi, kisha yanaondoka.

Leo sina hasira wala furaha. Nimeoga mara mbili, nimekula ugali na mlenda kidogo. Mume wangu yuko kazini, zamu yake inaisha asubuhi. Nataka kuandika yaliyotokea kabla sijaanza kuyapanga vizuri kichwani. Nikichelewa nitajipendelea.

Kwa msiojua kazi yangu: msimu huu naongoza timu ya wapuliziaji. Tunapita nyumba kwa nyumba, hapa Tabora mjini na pembezoni, tukipuliza dawa ya mbu kwenye kuta za ndani. Mhamasishaji wetu, Shabani, anatangulia kuwaambia watu watoe vyombo nje. Wapuliziaji wanafuata na mabomba. Mimi natembea katikati, nakagua, nasuluhisha. Sibebi.

Hilo la mwisho nililiandika haraka, lakini ndilo lenye uzito leo.

Watu wakituona wanaangalia barakoa na kofia ngumu. Wanauliza kama dawa itawadhuru watoto, kama itaua kuku. Ni maswali ya haki. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza habari za bomba. Ni la chuma, lina mkanda mmoja, linaning'inia bega moja. Likijaa ni kama kubeba mtoto wa miaka mitatu aliyelala, ila mtoto hujishikilia kidogo hata usingizini. Bomba halikusaidii. Unaingia nalo chumbani, unapiga ukuta kutoka juu kwenda chini, unasogea, unatoka, unavuka korongo, unaingia kwa jirani. Msimu ukiisha unaweza kumtambua mpuliziaji sokoni kwa bega lake.

Huku kwetu kubeba si habari. Wazee wa wazee wetu walibeba pembe za ndovu kwenda pwani wakarudi na vitambaa, na mpaka leo nasikia watu wakisema Mnyamwezi kazaliwa na mzigo. Nadhani walichoka kama sisi. Hakuna aliyewauliza tu.

Mama Nyamizi jina lake ni Anjela. Nyamizi ni binti yake, yuko darasa la pili. Mume alikwenda kwenye mashamba ya tumbaku huko Urambo, na taarifa zake huja kwa vipande. Kwenye timu, Anjela ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote. Ukuta wake unakauka sawasawa, hauna michirizi. Ananizidi umri kidogo lakini ananiita kiongozi, kwa utani ambao si utani wote.

Wiki hizi za karibuni nilimwona akibadilisha namna ya kubeba. Alikuwa anapumzisha kitako cha bomba juu ya nyonga. Alikuwa anahamisha mkanda bega hili, bega lile. Akiinama kuvaa buti alishika ukuta. Nikajiambia ni joto. Sote tulikuwa tumechoka na joto lilikuwepo, kwa hiyo halikuwa jambo gumu kuliamini.

Leo tulikuwa Ipuli. Nyumba ya tatu au ya nne ilikuwa ya mama mmoja mjane, Mmoravian. Alikuwa ametoa kila kitu nje: kitanda, magunia ya mahindi, redio, na sare yake ya kwaya aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuishika mkononi muda wote, hakutaka kuiweka chini. Anjela aliingia chumbani. Alipotoka niliona mgongo wa ovaroli umelowa kuanzia begani mpaka kiunoni.

Nilidhani jasho. Nikasogea nikasikia harufu.

Washa ya bomba, ule mpira unaozuia kuvuja, ilikuwa imeliwa. Dawa ilikuwa inachuruzika kidogo kidogo, na yeye alikuwa amefanya kazi hivyohivyo kwa nyumba nzima.

Kanuni ya hapo haina mjadala. Dawa ikigusa mwili unavua nguo, unaoga kwa sabuni na maji mengi, saa hiyohiyo. Nikamwambia avue.

"Nitaoga tukifika kambini," akasema.

"Hapana. Sasa."

"Kiongozi, wanaume hawa hapa."

Nikawaambia wanaume watoke nje ya ua. Wakatoka. Bado akasimama ameshika zipu ya ovaroli shingoni, hashushi. Yule mjane aliweka ile sare yake juu ya kitanda, akachota ndoo ya maji, akaleta kipande cha sabuni na khanga kavu, akavipeleka kwenye bafu la uani. Nikamshika Anjela mkono, tukaingia wote wawili.

Aliposhusha ovaroli akageukia ukuta. Haikumsaidia. Tumbo la miezi mitano halifichwi na ukuta.

Nikammwagia maji mgongoni. Ngozi ilikuwa nyekundu kwenye mstari wa mkanda. Nikampaka sabuni, nikammwagia tena.

"Si ulipimwa kabla hatujaanza," nikasema.

"Ule mkojo ulikuwa wa mdogo wangu."

Alisema kama mtu anayekutajia bei ya nyanya. Mjamzito haruhusiwi kushika bomba, wala anayenyonyesha. Tunasomewa hivyo kila asubuhi kabla ya kutoka, na kila asubuhi Anjela alikuwa amesimama mstari wa mbele akisikiliza.

"Kwa nini, Mama Nyamizi?"

"Unajua kwa nini. Msimu ukiisha nalima. Mvua haijanyesha, nalima nini? Nilihesabu nikaona nitamaliza kabla tumbo halijawa kubwa." Akajipangusa maji usoni. "Kwa Nyamizi nilibeba kuni na maji mpaka siku ya mwisho. Hakuna aliyenifukuza nyumbani."

Ni kweli. Kuni hazina kanuni.

Nikamwacha akijifunga khanga ya yule mjane, nikatoka nje ya ua, nikampigia simu msimamizi wetu. Sikumwuliza Anjela kwanza. Nilijua angeniomba, na nilijua kwamba akiniomba ningekubali.

Msimamizi si mtu mbaya. Ni mtu wa sentensi fupi. Akasema leo hiihii arudi nyumbani, jina lake litaondolewa. Nikasema aende hospitali kwanza. Akasema sawa, hilo ni la lazima. Nikasema naomba abaki kwenye timu, afanye kazi ya Shabani, apite mbele kutoa taarifa, asiguse dawa wala bomba.

"Na bomba abebe nani?" akauliza.

Shabani alikuwa amesimama karibu, ameshasikia. Akaninong'oneza, "Nipe mimi."

Shabani alibeba bomba misimu iliyopita. Siku hizi akitaka kufunga kamba za viatu anakaa kwanza kwenye ngazi, anapandisha mguu juu ya goti, anafunga, anashusha, anapandisha wa pili. Kisha anakaa kidogo kabla ya kuinuka. Hana hata miaka arobaini.

"Mimi," nikamwambia msimamizi. "Nitabeba mimi."

"Utaongoza na kubeba?"

"Ndiyo."

Nikasikia pikipiki zikipita upande wake. Akasema mpaka Jumamosi. Jumatatu atanipa jibu la wakubwa, na nisimwahidi mtu chochote.

Nikarudi uani. Anjela alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na magunia, ameshika kikombe cha uji aliopewa. Nikamwambia yote, kwa mpangilio uleule wa kwenye simu.

"Ungeniambia kwanza," akasema.

"Ungenizuia."

"Ndiyo. Ningekuzuia." Akanywa uji. "Basi umefanya."

Hakunishukuru. Naandika hivi si kwa kulalamika. Nilitegemea shukrani kidogo, nikagundua kwamba nilitegemea, nikaona aibu.

Shabani alibaki na timu. Mimi na Anjela tulichukua bajaji mpaka Kitete. Hospitali ilikuwa na watu wengi, kama kawaida. Tulikaa kwenye benchi, yeye bado na khanga ya watu, mimi na buti zenye vumbi. Muuguzi aliyetupokea ni mama mtu mzima. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akimtazama Anjela tumbo.

"Unafanya kazi gani?"

Anjela akanitazama. Nikajibu mimi. Nikaeleza dawa, bomba, mgongo uliolowa, muda aliokaa nao, maji na sabuni. Nikamtajia jina la dawa. Akasikiliza bila kunikatisha.

"Na wewe ndiye mkubwa wake?"

"Ndiyo, mama."

Akamlaza Anjela kitandani, akamwekea tumboni kile kipembe cha kusikilizia, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akainamisha tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, naangalia kalenda ya ukutani ambayo mwezi wake ulikuwa umeshapita. Nilisoma majina ya siku zote za mwezi ule.

"Yupo," akasema muuguzi. "Mapigo yake mazuri."

Anjela akafumba macho. Chozi lilishuka upande mmoja tu, likaingia sikioni. Hakulifuta.

"Hayo mengine siwezi kukwambia leo," muuguzi akaendelea. "Daktari atakuona sasa hivi, halafu wiki ijayo urudi. Mgongo ukiwasha, ukitapika, kichwa kikikuuma, usingoje wiki ijayo. Na mzigo huo basi. Kuni pia basi. Mwambie mdogo wako abebe."

Nilifikiri juu ya yule mdogo wake, ambaye ametoa mkojo na sasa atabeba kuni.

Daktari alipomaliza naye, tulitoka nje. Pale getini kuna mama anauza embe bichi zilizokatwa, za chumvi na pilipili. Anjela alitaka. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta, akala taratibu. Nikamwambia kesho asiende popote, Jumamosi aje atembee na Shabani: yeye atatangulia kugonga milango, Shabani atabaki nyuma kukagua kama vyombo vimetoka. Jumatatu sijui. Nikamwambia hivyo, kwamba sijui.

Akaitikia kwa kichwa. Akalamba chumvi vidoleni. Kisha akaniuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia:

"Na wewe kiongozi, umeolewa juzi tu. Siku haya yakikufika na wewe, hilo bomba utampa nani?"

Nilimtafutia jibu. Nikawapitia watu wote wa timu, mmoja mmoja, na kila mmoja nikaona anaumwa mahali fulani.

Bajaji ikaja. Nilimpeleka mpaka kwake, Nyamizi akatoka mbio kupokea mkoba wa mama yake, mimi nikarudi kambini nikabadilisha ile washa kwa mkono wangu. Nililijaza bomba maji, nikalivaa, nikazunguka nalo ua mara kadhaa. Halivuji. Bega la kushoto linaniuma tayari, na hayo yalikuwa maji matupu.

Sasa nimekaa hapa na swali lake. Mwanzoni nililiona kama la kwangu na mume wangu. Kadiri ninavyoandika naona si letu peke yetu. Kwa nini kazi hii ina milango miwili tu, kubeba au kwenda nyumbani? Jumatatu nitamuuliza msimamizi hivyohivyo, kwa sentensi fupi, kama anavyopenda. Hata kama jibu la wakubwa litakuwa hapana, nataka lisemwe mbele ya mtu aliyebeba bomba.

Nimekunja kipande cha kitenge cha kuweka begani. Kesho tuna nyumba za Cheyo.