Msichana wa Ndani ya Gari la Levis

Section 58,
Nakuru.
Agosti, 2008

Mpendwa Dada Nekesa,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Levis, na za Mitchelle, ambaye sasa amenizidi kimo na hanisikii tena. Sisi tu wazima. Nakuru kuna baridi na vumbi kwa wakati mmoja, jambo ambalo sijaliona kwingine. Natumai shemeji anaendelea vizuri na mguu wake, mahindi yamebeba, na Mama alifika Kitale bila taabu. Umkumbushe dawa ya matone ya jicho. Yeye husema ameweka na hajaweka.

Najua Mama ameshakaa nawe jikoni na kukueleza kwamba Levis ameongeza mke wa pili. Hajaongeza. Sauti aliyoisikia Mama ni ya gari. Soma polepole, Dada, maana hata mimi ninayeandika nina hasira, na mtu mwenye hasira huruka maneno.

Bwana Surinder, tajiri wa Levis, yule anayeuza matrekta na vipuri hapa mjini, aliagiza gari kutoka Afrika Kusini. Katikati ya dashibodi lina kioo kidogo chenye ramani, na ndani yake mna sauti ya mwanamke inayokuambia kwa Kiingereza mahali pa kukata kona. Ukitaka kupiga simu huhangaiki na namba. Unabonyeza kitufe kwenye usukani, unalisemesha gari, nalo linapiga. Bwana Surinder alishindwana nalo. Alisema kule Milimani ana mama, ana mke na ana mabinti wawili wa kumwelekeza, huyu wa tano ni wa nini. Mwezi wa tatu akampa Levis awe akienda nalo kwa wateja.

Sitaki kuwa mwongo, faida linayo. Levis huzunguka mashamba ya ngano hadi Mau Narok, na siku za ukungu kule juu huoni hata pua ya gari lako. Sauti humwambia kona inakuja kabla hajaiona. Akipigiwa simu, hujibu mikono yote ikiwa kwenye usukani. Zamani alikuwa akiendesha kwa goti, simu sikioni, na mimi kando yake naomba Mungu. Kwa hilo nashukuru.

Lakini lina upuuzi wake pia. Barabara ikifungwa watu wakachepushwa, lenyewe halina habari. Ukishaacha lami kuingia mashambani, ramani inaisha, gari linaonekana linaelea mahali peupe, na yule mwanamke bado anakusihi urudi ulikotoka. Na Kiingereza chetu hakielewi. Ili asikiwe, Levis amejifunza kubana pua. Mwanamume wa Bungoma, Dada, anaomba apigiwe Bwana Surinder kwa sauti ya Mzungu wa sinema.

Hapo ndipo wivu uliponishika, na sioni haya kuutaja kwa jina lake. Yule mwanamke asipomsikia, Levis hurudia mara ya pili, mara ya tatu, kwa upole kama anayemlisha mtoto uji. Mimi nyumbani nikimuuliza amesema nini, naambiwa nikaoshe masikio. Levis akipitiliza kona, yeye humwambia taratibu ageukie mbele, na Levis humjibu sawa, sawa. Katika ndoa yangu yote sikumbuki "sawa" mbili zikifuatana. Tena humwita Madam. Siku moja nikiosha gari nilikipangusa kile kioo kwa nguvu isiyo ya usafi, nikitumaini kitapasuka. Hakikupasuka.

Sasa ya Mama. Baada ya kupasuliwa jicho alitaka kumwona Mjomba kule Longonot kabla hajarudi kwenu. Unaijua heshima ya kwetu: mama mkwe hampi mkwewe mkono, hamtazami usoni, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu. Mtu huyo siku zote ni mimi. Basi Levis alikaa mbele peke yake, mimi na Mama nyuma, Mama ameelekeza uso dirishani na jicho moja limefunikwa bandeji. Hakuna aliyekumbuka kumwambia habari za mashine.

Tulipotoka mjini Madam akaanza kazi yake. Mama alimsikiliza kwa muda mrefu. Tulipokaribia Gilgil alisema, kwa ile sauti yake ya kanisani, mwanangu, mwambie mkwe wangu apunguze mwendo, jicho linagonga. Nilidhani ananiambia mimi. Kumbe alikuwa ameinua kidevu kuelekea mbele, anamtuma yule mwingine. Levis ana masikio, akapunguza. Madam naye, kwa bahati yake, akasema vijineno vyake vya Kiingereza papo hapo. Mama akamwambia asante, mama, Mungu akubariki.

Tulipofika kwa Mjomba nilikuwa nje namenya viazi, Mama akaja kunikalia karibu. Aliniuliza mbona msichana ameachwa garini, yeye hali chakula? Nikamweleza ni mashine. Akaniambia nisimfiche, yeye ni mzazi, wanawake wote wenye aibu husema vivyo hivyo. Kisha akanishauri. Alisema ikiwa Levis ameamua kuongeza jiko, afadhali huyo, kwa kuwa ana adabu, hapayuki, na akipuuzwa hakasiriki bali humwonyesha bwana njia nyingine. Akasema nijifunze kwake. Eti tangu Nakuru mimi nilikuwa nimekaa kimya kama gunia la makaa, sasa yeye angemtuma nani?

Nililia juu ya yale maganda. Mama yangu mzazi amenichagulia mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe hana hata miguu.

Jumamosi iliyopita Levis aliniomba nimsindikize kwa mteja wake wa Mau Narok. Alipokuwa bado ndani anatafuta viatu, niliingia garini nikabonyeza kila kilichobonyezeka mpaka nikapata mahali pa kumnyamazisha Madam. Nikamnyamazisha. Nilijisikia vizuri sana, Dada, nisikudanganye.

Lakini kuna jambo ambalo sijakuambia wewe wala mtu yeyote. Januari, siku zile za vurugu za uchaguzi, tulipotoka kwenu baada ya Krismasi, tulikuta moshi mbele na vijana wamelaza miti barabarani. Mimi nilikuwa namwonyesha Levis njia ya kando, kama nilivyozoea tangu tuoane. Akanipigia kelele. Mbele ya Mitchelle, na mbele ya watu waliosimama pale, alisema nyamaza Naliaka, nyamaza kabisa. Tulifika nyumbani salama, na wengi hawakufika, kwa hiyo niliona aibu kulalamikia neno moja. Ila nilinyamaza. Nyumbani naongea, sokoni naongea, kanisani nao wananijua. Ndani ya gari, tangu siku hiyo, sijamwambia Levis neno. Nilidhani hajatambua.

Basi Jumamosi hiyo tulipanda kupitia Njoro, gari zima kimya. Levis aligusa kile kioo mara moja, akaelewa, akakiacha. Tulipofika juu, penye ngano pande zote, akasimamisha gari. Alisema huku anatazama mbele kwamba yeye hampendi yule mwanamke, hata Kiingereza chake kinamchosha. Angeweza kumzima siku ya kwanza, Bwana Surinder alimwonyesha namna. Alimwacha aongee kwa sababu kukaa na mimi garini bila sauti ya mtu kulikuwa kunamshinda.

Halafu akasema, "Nilikuambia unyamaze mara moja tu. Sikujua utanitii hivyo."

Hiyo ndiyo samahani yake, na kwa Levis hiyo ni hotuba. Mimi nilikuwa na maneno niliyoyaweka tangu Januari, makali, yamepangwa vizuri. Nilikuwa na uchungu, na wivu bado ulikuwepo, maana aliyempunguzia upweke alikuwa mwingine na si mimi.

Mbele yetu njia iligawanyika. Levis anaijua njia ile kuliko kiganja chake. Mteja wake yuko kulia, na kushoto hakuna kitu ila shamba la ngano la mtu na lango lililofungwa. Akaniuliza, taratibu, tuelekee wapi.

Nikamwambia kushoto.

Akawasha indiketa, Dada, katikati ya ngano ambako hakuna hata ndege wa kuiona, akakata kushoto.

Nisalimie shemeji na watoto, na yule jirani yako wa maziwa. Mama mweleze utakavyo kuhusu mke mwenza. Ila usimwambie kwamba Levis amemwacha, atamlilia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Naliaka